Nyuzi Kumi na Mbili Nyuma ya Pazia

Mwanangu Rukia,

Habari za kula vizuri, kuvaa koti na kufunga mlango sikuandikii. Hayo baba yako amekuimbia wiki nzima, na atakuimbia tena kesho asubuhi mjomba wako akija kukuchukua kwenda Manchester. Sasa hivi uko kwa rafiki zako mnaagana, nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni, jua bado liko dirishani. Nataka kulijibu swali lako la Jumapili kabla hujarudi, maana ukirudi nikakuona usoni nitashindwa tena.

Najua kusoma Kiswahili kunakuchosha. Isome kwa sauti. Masikio yako yanakijua kuliko macho yako, umekisikia humu ndani tangu tumboni, hata kama siku zote unanijibu kwa Kiingereza. Mahali utakapokwama usimwulize mjomba wako. Mpigie baba yako.

Jumapili mjomba Hamadi alikuja kula pilau na kupanga safari yenu, wewe uanze chuo na kupiga gitaa kwenye bendi yake, akaja na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Baada ya chakula alilijaribu, likalia ovyo. Akaninyooshea bila kuniangalia, akasema, "Hawa, hebu nitengenezee." Kama zamani. Na mimi, mikono ina maji ya vyombo, nikajifuta kangani nikalipokea. Kama zamani. Nikakaza hapa, nikalegeza pale, jozi moja baada ya nyingine, na nyuzi zilipokubaliana vidole vikaondoka vyenyewe. Nikaupiga ule wimbo wa kumpokea bibi harusi, ambao umekua ukiusikia kwenye CD ya mjomba wako.

Ulikuwa mlangoni na sahani mkononi. Ukasema, "Mum, that's Uncle's song."

Mjomba wako akacheka. "Mama yako alikuwa ananisaidia kidogo zamani."

Ukanigeukia mimi. "Is that true?"

Nikasema chai inapoa. Hilo ndilo jibu ulilopata, na ukapanda juu.

Si kweli, Rukia. Sikumsaidia kidogo. Kwenye CD ile, sauti ya kuimba ni yake. Gitaa lote ni langu, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Nilikuja Birmingham msichana, kutoka Tanga, baada ya mama yetu kufariki. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo Hamadi, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa baba na mama. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari ya mizigo pale Washwood Heath, wanapojenga sasa mahali pa kulaza treni za mwendo kasi. Huko ndiko alikojuana na baba yako. Tulikaa nyumba moja Hodge Hill, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Alinipokea, akanilisha, hakunisimanga hata siku moja. Ukitaka kujua kwa nini nilinyamaza miaka yote hii, anzia hapo. Mtu aliyekutendea ubaya mtupu ni rahisi kumjibu.

Gitaa alilinunua yeye. Alikuwa na sauti nzuri na alipiga kidogo gitaa la kawaida la nyuzi sita, basi akadhani nyuzi zikiongezeka na mikono itaongezeka. Likamshinda. Kila unapobonyeza unabonyeza nyuzi mbili kwa kidole kimoja, zinakata ngozi kama waya wa kukatia sabuni. Ukimaliza kulityuni, kuzipatanisha nyuzi zote, lile la nyuzi sita lingekuwa limeshapiga nyimbo tatu. Akalitia kabatini chini ya ngazi.

Mimi nilikuwa napanga nguo kwenye maboksi asubuhi, kwenye ghala moja. Mchana nilirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nililitoa gitaa kabatini kwa sababu ya ule ukimya tu, wala sikuwa na ndoto yoyote. Siku ya tatu nilikata uzi. Nikaogopa kaka atanigombeza, nikalifunga kwenye shuka, nikapanda basi hadi Northfield, kwa mzee mmoja niliyeelekezwa kuwa anatengeneza ala za muziki kwenye gereji ya nyumba yake.

Alikuwa Kalasinga, mzaliwa wa Nakuru, jina lake Gurdev. Aliponisikia nikihangaika na Kiingereza changu akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ya wapi? Tanga? Basi ongea vizuri, acha kuteseka." Akalifungua lile shuka, akalitazama gitaa, akakunja uso. "Nani amekaza namna hii? Hii nyuzi yote ikivuta pamoja, iko nguvu ya kung'oa shingo." Akazilegeza zote kidogo, sauti nzima chini ya pale wanapotyuni wengine, akabana kibanio kwenye shingo ili sauti ipande tena. Ndiyo maana ulipoanza kupiga gitaa lako nilikupigia kelele kutoka jikoni, "Usilikaze sana!" Ukanishangaa. Ulidhani mama anasema tu.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Kaka alidhani naenda sokoni, na kweli nilirudi na viazi. Mzee Gurdev hakuwa mtu wa sifa. Siku ya kwanza hakuniacha nipige hata wimbo mmoja, alinikalisha nityuni na kusikiliza. Akanionyesha kwamba jozi nne za upande mnene ni uzi mnene na mwembamba, zinaimba neno moja, mmoja chini, mwingine juu. Jozi mbili za mwisho ni pacha, sauti moja kabisa. Ukizigusa pacha kabla hazijakubaliana, sauti inatikisika, wawa wawa wawa. Kadiri unavyokaribia, mtikisiko unapungua mwendo. Nilipodhani nimefika, yeye alisema, "Bado inatembea. Ngoja isimame." Nilikaa naye miezi kabla sijaisikia ikisimama. Nilipoisikia nililia mbele yake, akajifanya anatafuta bisibisi.

Hilo ndilo nililolielewa kuhusu gitaa hili, na hakuna aliyenipa bure. Halitaki haraka. Kila sauti unayoitoa inakuja na mwenzake, ukizirundika zinakuwa makelele ya soko. Piga chache, ziache zimalize. Wewe hapo bado, mwanangu. Unaogopa mwanya, unaujaza.

Hamadi aligundua siku aliporudi mapema kutoka kazini. Alisimama sebuleni na buti zake hadi nilipomaliza. Hakugomba. Alifurahi kama mtoto. Jioni ileile tukaanza, yeye anaimba, mimi napiga, na haikuchukua muda tukaalikwa kwenye harusi ya Watanzania wenzetu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wangekuambia nilionewa. Sikuonewa. Wiki ya harusi Hamadi alirudi kutoka msikitini, akasema, "Wazee wameuliza, huyo mdogo wako atakaa mbele ya wanaume?" Alisema hivyo tu. Hakuniambia niache, wala hakuniambia nijifiche. Mimi ndiye niliyesema, haraka haraka, kabla hajamaliza kuvua viatu, "Basi mimi nitakaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Wewe kaa mbele na gitaa lako." Hakuniomba. Nilimpa. Nilimwona uso wake ukitulia nikajiona dada mwema.

Tukapitisha waya chini ya pazia. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya kina mama na watoto, maikrofoni mbele ya gitaa. Yeye upande wa pili alishika gitaa la nyuzi sita, lisilounganishwa na kitu, akaimba. Wanaume walipagawa. Nilisikia mtu akipiga kelele, "Hamadi, una mikono mingapi wewe?" Naye akajibu, "Miwili tu, alhamdulillahi!" Ukumbi ukacheka. Nilicheka na mimi, Rukia. Naapa nilicheka.

Kina mama walijua, bila shaka. Walikuwa wananiona. Bi Zaituni, aliyekuwa na mabinti watatu, aliniinamia sikioni akasema, "Wewe unapika, mwenzio anasifiwa mkono." Nilichukia. Nilidhani ana wivu. Harusi zikafuatana, na pazia likawa mazoea, hata kwenye kumbi zisizo na pazia nilijitafutia pembe.

Halafu ikaja studio. Kule hakukuwa na wazee wala bibi harusi, palikuwa na kijana mmoja Mwingereza na vyombo vyake. Hapo ndipo ningeweza kutoka. Tulirekodi siku mbili. Yule kijana alivua vifaa vyake vya masikioni, akaniuliza jina langu linaandikwaje, aliweke kwenye karatasi. Hamadi alikuwa amesimama pale pale, hakusema kitu. Mimi nikajibu, "Bendi ni ya kaka yangu, andika jina lake." Kijana akainua mabega, akaandika.

Unaona? Mara ya pili. Na mara zote mbili hakuna aliyenishika mdomo.

CD ilipotoka nilikaanga sambusa za uzinduzi. Kwenye jalada kaka yangu amelikumbatia gitaa la nyuzi kumi na mbili, na mkono wake wa kushoto umebana mahali ambapo hapatoi sauti yoyote duniani. Hujawahi kuliona hilo? Litazame. Nikafungua karatasi ya ndani kutafuta. Nilikuta shukrani: "Kwa mdogo wangu Hawa, kwa chai na maandazi tulipokuwa studio."

Nilikuwa na ujauzito wako wakati huo. Niliisoma nikiwa nimesimama, sinia begani. Kisha nikaendelea kugawa sambusa.

Sikumwambia neno. Niliacha tu. Nikasema ujauzito unanichosha, kisha nikasema mtoto mchanga, kisha nikasema kazi. Aliponiomba nimfundishe kijana mwingine zile sehemu zangu, nilimfundisha. Kiwanda kilipofungwa akahamia Manchester, na ile siku ya kuondoka mimi mwenyewe nililitia gitaa kwenye sanduku lake na kulibeba hadi kwenye gari. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Hawa, una hakika?" Nikamwambia asiingilie mambo ya ndugu. Hakuingilia tena. Nilimzoesha kunyamaza, na baadaye nikamlaumu kwa kunyamaza.

Ya mjomba wako yameisha. Yanayobaki ni ya kwako na mimi, na haya yananiuma zaidi.

Ulipofika miaka kumi na mitatu mjomba alikuletea gitaa lako. La nyuzi kumi na mbili, kwa sababu wewe mwenyewe ulililia hilo. Ukajifungia chumbani na ile CD, unapiga, unarudisha nyuma, unapiga tena. Mimi nilikuwa nasimama chini ya ngazi, kikapu cha nguo mkononi. Nilikuwa nakusikia unavyonitafuta. Ulikuwa unajifunza kwangu, hujui, na mimi sikupanda ngazi. Ngazi za nyumba yetu unazijua zilivyo chache. Ningeweza kukuonyesha kwa jioni moja kile ulichokihangaikia mwaka mzima. Nilibaki napiga kelele jikoni, "Bonyeza zote mbili!" kama mwendawazimu, ukadhani mama yako anakusumbua.

Nilijiambia naficha ili usimchukie mjomba wako. Uongo. Nilikuwa nataka umsikie mtu kwenye CD, uniulize, "Mum, huyu ni nani?" Nilitaka unitambue bila kuambiwa. Nilimwekea mtoto wa miaka kumi na mitatu mtihani, na kila siku ulipofeli nilikukasirikia.

Kwenye ule wimbo wa bibi harusi, ubeti wa pili, kuna mahali kidole changu kilichoka, kikabonyeza uzi mmoja wa jozi na kuuacha wa pili. Inasikika kama kikohozi kidogo. Ni kosa. Wewe ulilijifunza kama pambo. Siku ulipopiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa shule, ulilitoa kosa langu jinsi lilivyo, kwa makini, na watu wakakupigia makofi. Nikanyanyuka nikatoka. Nilikuambia nilikwenda kuangalia gari. Hapakuwa na shida ya gari. Nilisimama kwenye maegesho, na si fahari iliyonitoa ukumbini. Nilikuonea wivu. Ulikuwa umekaa mbele, kwenye taa, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi ya ratiba, na hakuna aliyekuuliza utakaa wapi. Sijui mama mwingine akikisikia hiki atanionaje. Ndivyo ilivyokuwa. Ulinitazama usoni tuliporudi nyumbani ukadhani hukupiga vizuri. Ulipiga vizuri. Nilipaswa kukuambia usiku ule.

Sasa nikueleze ambacho hukukiona Jumapili. Ulipopanda juu, nilimfuata mjomba wako nje kwenye gari.

"Umemwambia nini mtoto?" akaniuliza.

"Sijamwambia kitu. Wewe ndiye uliyemwambia. Umemwambia kidogo."

"Hawa, tusifukue makaburi."

"Kaburi la nani, kaka? Mimi nipo hai."

Akatazama kama kuna jirani anasikia. "Nilikuwa nakusitiri. Ulikuwa msichana, hujaolewa. Watu wangekusema."

"Na Rukia je? Yeye si msichana?"

"Siku hizi dunia imebadilika."

"Dunia, au vidole vyako?"

Umeviona vidole vyake, viungo vilivyovimba. Amebaki kuimba, gitaa sasa anakuhitaji wewe. Alivitia mfukoni. Nilijua nimemgonga pabaya, na sikujuta. Hadi sasa sijajuta. Nakuandikia hilo ili unijue vizuri.

Nikamwuliza, "Kwenye mabango ya onyesho lenu mtaandika jina la Rukia?"

Akafurahi, akadhani tumepatana. "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Tumeshachapisha. 'Hamadi na Familia'."

Alisema kwa upendo, Rukia. Macho yake yalikuwa na machozi. Mjomba wako si mwizi. Ni mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu na mwanamke wa nyumba yake, na mwanamke wa kwanza kumzoesha hivyo ni mimi. Atakupenda. Atakupikia, atakutetea kwa watu, atakulipia nauli bila kukumbushwa. Halafu siku moja atavua viatu mlangoni, atasema wazee wameuliza, au kamati imeuliza, au mwenye ukumbi ameuliza, kisha atanyamaza. Ule unyamavu utauona. Utatamani kuujaza. Ni ile tabia yako ya kuogopa mwanya. Mimi niliujaza.

Sikukatazi kwenda. Nilifikiria kukukataza, nilikaa nayo siku tatu. Lakini ningekuzuia kwa ajili yako au kwa ajili yangu? Sikupata jibu safi, basi nikaona nikae pembeni. Umepata nafasi ya chuo, na bendi yake ni bendi nzuri. Na wewe unapiga kuliko nilivyopiga mimi umri wako. Nimeliandika. Sitalifuta.

Yale mabango usiniachie mimi. Wala usimwachie baba yako. Wewe mwenyewe ongea na mjomba wako, kwa adabu, mkiwa wawili, kabla ya onyesho na si baada. Akikasirika mwache akasirike, hasira zake ni za kupita, baadaye atakupikia chai. Usipoweza kusema, basi usijidanganye kwamba ulinyimwa.

Tiketi ya onyesho uliyonibandikia kwenye friji nimeitia humu ndani ya bahasha. Baba yako atakuja na ya kwake. Ameshapiga pasi shati, ingawa onyesho ni mwezi ujao. Hii yangu mpe mwingine. Ukipanda jukwaani usinitafute kwenye viti, utakosea. Nitakuja siku nitakayoweza kukaa pale nikakusikia wewe peke yako, bila kumsikia mjomba wako na bila kujisikia mimi. Siku hiyo bado sijaiona, na sitaki kukudanganya kwamba iko karibu.

Nakusikia unafungua geti. Naacha hapa.

Mama yako,
Mwanahawa